Hesabu Maharage, Usihesabu Vichwa

Wadogo zangu, leo simu zenu wekeni pembeni kidogo, maana ndizo tutakazozisema.

Wiki hizi mbili ujumbe mnaonitumia unafanana kama mapacha. Mmoja kaandika: "Dada, kuna mwalimu anafundisha hesabu kwa Zoom Jumamosi na Jumapili. Watoto wa jirani wote wameshaingia. Na mimi nimtie wangu?" Mwingine kaandika saa sita ya usiku, wakati mwenye amani huwa amelala: "Dada, nimelipa miezi miwili, mtoto hachelewi kuingia hata siku moja, lakini mtihani umekuja na alama zile zile. Nimeibiwa au mwanangu ndiye mzito?"

Kabla sijawajibu, acheni niwasimulie yaliyonikuta mimi. Mkimaliza kucheka tutasaidiana.

Kitindamimba wangu alipokuwa darasa la tano, sehemu zilimshinda. Asili na kiasi alivichanganya kama chumvi na sukari. Siku moja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi likapita tangazo: tuisheni ya mtandaoni, Jumamosi na Jumapili, saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Nilituma hela kabla sijamaliza kulisoma. Jumamosi mtoto akaogeshwa, akapakwa mafuta, akawekwa mbele ya kompyuta mpakato ya baba yake, mimi nikarudi jikoni roho kwatu. Nikisikia sauti ya mwalimu inatoka sebuleni, najiambia elimu hiyo inaingia.

Wiki ya nne mama yangu akaja kututembelea. Bibi wa watu, Zoom haijui wala haimhusu. Alikuwa kwenye kochi na ungo wake anachambua maharage, mjukuu yuko mezani "anasoma". Darasa lilipokwisha akaniita. "Huyu mtoto mbona hajasema kitu? Anasoma au anasikiliza redio?"

Nikambishia. Nikamwambia mama, masomo ya siku hizi ndivyo yalivyo. Hakunijibu. Kesho yake Jumapili akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kochi, akaweka kikombe kitupu katikati yetu. Kila mjukuu wake alipofungua mdomo darasani, bibi alitia punje moja ya haragwe kikombeni. Saa moja na nusu ilipokwisha tukamwaga. Punje mbili. Ya kwanza alisema "Nipo, mwalimu" alipoitwa jina. Ya pili alisema "Mwalimu, sikusikii."

Nikainuka nikaangalia pembeni ya skrini palipoandikwa idadi ya waliomo. Watoto 43. Sasa pigeni hesabu na mimi. Dakika 90 ukizigawa kwa watoto 43, kila mmoja anapata dakika mbili, na hapo mwalimu awe bubu. Juu ya hayo mwalimu wetu alikuwa anatumia Zoom ya bure, ambayo mkutano wa kundi hukatika baada ya dakika 40. Basi ndani ya kipindi kimoja darasa lilikatika mara mbili, watoto wakaanza upya kutafuta linki, mmoja anaita mama yake, mwingine keshakimbilia katuni.

Nililipa kwa ajili ya redio, wadogo zangu. Na redio ninayo, ipo juu ya kabati.

Unachonunua ni sikio

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja tu cha darasa la mtandaoni, na ndicho ninachotaka mwondoke nacho leo. Usihesabu watoto wangapi wameingia, wala mwalimu ana maneno matamu kiasi gani. Hesabu mwanao kafungua mdomo mara ngapi.

Kwa nini? Kwa sababu kusikiliza mtu anayeeleza vizuri, mtoto anaweza kukupata bure. Ubongo Kids wako kwenye televisheni tangu 2014, wanafundisha hesabu kwa nyimbo na katuni, kwa Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, unafungua unasoma. Kama unatoa hela yako mfukoni, unalipia kitu ambacho katuni na kitabu haviwezi kukupa, nacho ni mtu mzima wa kumsikiliza mwanao anavyokosea.

Chukua mfano wa nusu jumlisha theluthi. Mtoto kaandika mbili ya tano. Kwenye darasa la watoto 43 ataambiwa jibu ni tano ya sita, atafuta, ataandika, na wiki ijayo atakosea pale pale. Kwenye darasa la watoto sita mwalimu anamuuliza, "Hebu nieleze umefikaje hapo." Mtoto anasema, "Nimejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini." Ugonjwa umeonekana! Mwalimu anamwambia kachukue chapati mbili jikoni, moja ikate vipande viwili, nyingine vitatu, uniambie kama vipande hivyo vinalingana. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwa nini lazima kwanza atafute kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS. Watoto wengine watano wanasikiliza, na nina hakika wawili kati yao walikuwa wanakosea vile vile, ila wanaona haya kusema.

Hiyo ndiyo faida ya kundi dogo. Mtoto akiwa peke yake na mwalimu hupata muda mwingi lakini anaweza kuchoka haraka na gharama inaumiza. Kwenye kundi la wanne hadi wanane anajifunza hata kwenye kosa la mwenzake. Wakipita wanane, mimi mkono wangu unarudi kwenye pochi.

Ukienda kutafuta darasa

Kabla ya kulipa, omba mtoto akae kipindi kimoja cha majaribio, na wewe ukae pembeni na kikombe chako. Mwalimu anayejiamini hatakataa. Anayekwambia "lipa kwanza ndipo utumiwe linki" mwombee heri, uende zako.

Muulize anawapangaje watoto. Wengi wanapanga kwa darasa: wa darasa la nne pamoja, wa la sita pamoja. Inaonekana sawa, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ndani ya darasa la sita moja kuna anayesoma gazeti na kuna anayeunga silabi. India kuna shirika linaitwa Pratham ambalo limejulikana dunia nzima kwa kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma na kuhesabu, umri na darasa vikawekwa kando kwa saa hizo. Huku kwetu watu wa Uwezo wamepita majumbani Tanzania, Kenya na Uganda na majaribio mepesi ya kiwango cha darasa la pili, wakakuta watoto wengi wa madarasa ya juu yanawashinda. Kwa hiyo mwalimu mzuri atampima mwanao kwanza. Na wewe nyumbani mpime: mpe hadithi fupi ya kitabu cha darasa la pili asome kwa sauti, kisha akusimulie kwa maneno yake. Akikwama, usimtafutie darasa la "maandalizi ya mtihani wa la saba". Mtafutie la kusoma. Aibu ni ya wiki mbili, kutojua kusoma ni kwa maisha.

Jambo la tatu ni lugha, na hili wengi mnalisahau. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida anajifunza hesabu kwa Kiswahili. Anajua MAGAZIJUTO, anajua KKS na KDS. Ukimwingiza kwenye darasa la mtandaoni lililojaa watoto wa inglishi midiamu, anakutana na mambo yale yale yamevaa nguo nyingine, anaona hajui kitu, ananyamaza. Punje hazitaingia kikombeni. Kama yuko darasa la saba na unataka kumwandaa kwa kidato cha kwanza, ambako masomo yatageuka kuwa ya Kiingereza, hilo ni jambo jema, lakini mwalimu awe anajua kuzivusha lugha mbili: leo "asili" na "kiasi", kesho majina yake ya Kiingereza, na mtoto aruhusiwe kuuliza kwa lugha aliyonayo.

Bando, LUKU na meza

Sasa tuje kwenye mambo ya jikoni. Ada si gharama pekee. Saa moja ya video ya kundi inaweza kula GB moja na kuzidi, na wikiendi mbili za hivyo bando la mwezi limekwisha. Zungumza na mwalimu: wakati anaeleza, watoto wazime kamera, wakati wa kujibu, wawashe. Sauti peke yake inakula kidogo sana ukilinganisha na picha. Zima programu zinazojisasisha zenyewe kwenye simu, maana zile ndizo panya wa bando.

Chaji vifaa usiku wa Ijumaa, umeme hauna miadi. LUKU iangalie usiku huo huo. Kama ni simu au kishikwambi, kiegemeze kwenye kitu imara ili mikono ya mtoto iwe huru kwa ajili ya daftari na kalamu. Mtoto aliyeshika simu mkononi haandiki, na asiyeandika hesabu hajafanya hesabu. Mtafutie hedifoni hata za bei ndogo, ili asikie vizuri na wewe usilazimike kuzima blenda. Na daftari lipigwe picha baada ya kipindi, mwalimu atumiwe. Akilirudisha limesahihishwa, umempata mwalimu. Akirudisha kidole gumba tu, jua hajalifungua.

Mlango ubaki wazi

Hapa naacha mzaha. Mtoto asome sebuleni au mahali mnapopita. Chumbani na mlango umefungwa, hapana, hata kama mwalimu ni shemeji yako.

Kundi la WhatsApp la darasa linaweza kuonyesha namba ya kila aliyemo. Kwa hiyo iingie namba ya mzazi, si ya mtoto. Mwalimu akiwa na la kumwambia mtoto, aliseme darasani mbele ya wenzake au akuandikie wewe. Hakuna ujumbe wa pembeni wala "usimwambie mama, ni zawadi". Shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, mnakumbuka jinsi watu wasiojulikana walivyovamia madarasa ya Zoom huko duniani na kurusha picha chafu. Mwalimu aweke nenosiri, na watoto wapitie kwanza kwenye chumba cha kusubiri ili aingize anaowajua.

Uliza pia kama vipindi vinarekodiwa, nani anazitunza video hizo na zinafutwa lini. Sura ya mwanao isije ikawa tangazo la biashara bila wewe kuulizwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ukiuliza huonekani mkorofi, unadai haki yako. Na ukiona mtoto kabadilika, anaogopa sauti ya simu au anaficha skrini unapopita, usimgombeze. Kaa naye. Namba ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na hata kwa ndugu zetu wa Kenya, na haitozi hela.

Barua zenu

*Dada, nina watoto watatu na simu moja, nayo ndiyo ninayofanyia biashara ya mama lishe. Hao wa Zoom mimi nitawaweza wapi? – Mama wa Mbagala*

Mdogo wangu, usijione umeachwa na basi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, watafiti kule Botswana walijaribu jambo dogo sana. Familia nyingine zilitumiwa meseji za hesabu tu kila wiki. Nyingine zilipata meseji na pia simu ya kawaida ya dakika kama ishirini, mwalimu akiongea na mzazi na mtoto kuhusu swali lililotumwa. Waliopigiwa simu ndio waliosonga mbele. Meseji peke yake haikusaidia sana. Umeona? Hapakuwa na video wala kishikwambi. Kilichosaidia ni mtu wa kumuuliza mtoto "umefikaje hapo?" na kungoja jibu. Una mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne? Una binamu aliye chuo? Akupigie Jumamosi jioni biashara ikishapoa, dakika ishirini, kwenye spika, wote watatu wakiwa na madaftari. Mpikie siku akija. Kundi lako la watoto watatu hilo, tena la bei nafuu kuliko yote.

*Mwalimu wa mwanangu shuleni ndiye huyo huyo anayefundisha mtandaoni wikiendi kwa kulipia. Anawaambia watoto mada ngumu atazimalizia huko. Nisipolipa, naogopa mtoto atachukiwa. – Baba wa Temeke*

Kaka yangu, karibu, najua mnasoma kona hii mkiwa mmeificha ndani ya gazeti la michezo. Mada za mtaala mahali pake ni darasani, kwa kila mtoto aliyekaa pale, awe wa mwenye nacho au wa asiye nacho. Usiende peke yako na hasira. Tafuta wazazi watatu au wanne wenye shida hiyo, chukueni madaftari ya watoto yanayoonyesha mada iliyorukwa, mwende kwa mwalimu mkuu, na asipowasikia mwende kwa kamati ya shule. Semeni kwa adabu: tunaomba mada hii ifundishwe. Msimseme mtu, semeni daftari. Wenzetu wa Kenya waliliona jambo la namna hii mpaka sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 ikakataza mwanafunzi kulazimishwa tuisheni ya likizo.

*Tuko Muscat. Watoto wanajua Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili wanaelewa lakini hawajibu. Bibi yao yuko Unguja, wakipigiana simu wanatazamana tu. Nimepata darasa la Kiswahili la mtandaoni kutoka Dar, Jumapili saa nne asubuhi. Je, litasaidia? – Mama Salha*

Mama Salha, kwanza kalenda. Kwenu mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watoto wako shuleni. Omba kipindi cha Jumamosi, na kumbuka saa nne ya Dar kwenu ni saa tano. Pili, "wanaelewa lakini hawajibu" ni ugonjwa wa kikombe kitupu, ule ule wa mwanangu. Mwalimu akiwapa orodha za ngeli, wataziandika na kuzisahau. Mwombe afundishe kwa vitendawili. Mtoto akisema "Kitendawili!" wote lazima wajibu "Tega!", na kila mmoja ana zamu ya kutega. Wasiojua jibu lazima watoe mji. Hakuna anayeweza kunyamaza kwenye vitendawili. Kisha kila wiki wapewe kimoja cha kwenda kumtegea bibi wa Unguja. Simu itakuwa na la kuzungumza.

Na Jumapili je?

Nimeiacha hii mwisho kwa makusudi, kwa kuwa najua mtanuna.

Jumatatu mpaka Ijumaa mtoto ameamka gizani kuwahi gari la shule. Jumamosi asubuhi madrasa, mchana Zoom. Jumapili harusi, jioni Zoom tena, usiku kazi za shule. Mtoto huyo atacheza rede lini? Atajificha wapi kwenye kombolela? Mdako wenyewe ni hesabu, unarusha, unaokota mawili, unarudisha moja, na hakuna aliyekutoza ada. China, ambako wazazi waligombea tuisheni kuliko sisi, Julai 2021 serikali ilipiga marufuku kampuni za tuisheni kufundisha masomo ya shule siku za wikiendi na likizo. Sisemi tuwaige. Nasema hata waliotangulia kwenye mbio hizi walifika mahali wakashika kiuno. Mkamia maji hayanywi.

Kwangu mimi tulichagua somo moja tu, lile lililokuwa linamuumiza, mara moja kwa wiki, saa moja, watoto sita. Mwalimu tuliyempata hana maneno matamu. Ana kigugumizi kidogo, na anakaa kimya muda mrefu baada ya kuuliza swali, mpaka mzazi mwenye haraka unatamani umjibie mtoto. Bibi alimpenda tangu kipindi cha kwanza. Jumamosi hiyo tulimwaga kikombe, tukahesabu punje thelathini na moja.

Mwanangu mwenyewe sasa hunong'ona darasa likiisha, "Bibi leo ngapi?", na akiambiwa ni chache ananuna kama mchezaji aliyewekwa benchi. Alama zimepanda, si kwa kishindo, zimepanda tu kama maji ya kisima asubuhi. Sehemu anazijua. Juzi alimkosoa baba yake alipokuwa anagawa embe.

Hiyo ni Jumamosi. Jumapili kompyuta imefunikwa kitambaa, watoto wako nje, na hakuna anayehesabu kitu. Jumapili maharage yanaingia chunguni.

Wenu,
Dada